Mwanangu ni rubani na akija nyumbani analala kutwa: je, uchovu wake ni hatari angani?

SWALI: Mwanangu wa pili ni rubani msaidizi katika shirika moja la ndege huko Ghuba. Akija likizo hapa Tanga analala mchana kutwa mpaka ndugu zake wanamwita mvivu, halafu usiku anazunguka sebuleni hana usingizi. Safari hii ameniambia kwamba wakiruka usiku kapteni wake humruhusu alale kidogo kwenye kiti. Moyo ulinienda mbio. Rubani analalaje angani? Uchovu unaweza kuangusha ndege kweli, au ni maneno ya mitandaoni? Na mimi mama yake nifanye nini?

JIBU: Mama, shikamoo. Mimi ni daktari wa anga. Kazi yangu ni kuwapima marubani kabla leseni zao hazijahuishwa, na wasiwasi kama wako nausikia sana kwa wake na wazazi wao.

Nianze na lile lililokushtua. Kulala kidogo kwenye kiti kwa ruhusa ya kapteni si uzembe. Nchi nyingi zinaukubali utaratibu huo, na una masharti yake. Analala mmoja tu. Mwenzake yuko macho na ndege iko mikononi mwake. Wahudumu wa ndege wanaarifiwa ili wapige simu chumba cha marubani baada ya muda waliopatana. Kiti kinasogezwa nyuma, mkono au mguu usije ukagusa usukani. Usingizi wenyewe haupiti dakika 40 hivi, na akiamka hakabidhiwi kazi papo hapo, anaachwa kwanza akili itulie. Marekani haijauruhusu utaratibu huu, na mimi naona hapo wamekosea, maana utafiti uliouunga mkono ni wa NASA, shirika lao wenyewe. Ripoti yake ilitoka 1994. Watafiti walikaa na marubani kwenye safari ndefu za kuvuka Bahari ya Pasifiki wakiwapima mawimbi ya ubongo. Waliopewa nafasi ya kulala walilala wastani wa dakika 26. Katika dakika 30 za mwisho kabla ya kutua, hakuna hata mmoja wao aliyepitiwa na lepe la usingizi. Wenzao ambao hawakupewa nafasi hiyo walipitiwa, tena wakiwa tayari wanaishusha ndege.

Kwa hiyo kama kapteni wake anajua, anakubali na anabaki macho, hapo sina wasiwasi na mwanao. Kinachonitia hofu zaidi ni rubani aliyechoka ambaye yuko macho, anazungumza, anajibu redio, na hajui kwamba akili yake imeshaanza kumwacha.

Uchovu tunaouzungumzia si ule wa kubeba magunia. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linauelezea kuwa ni kupungua kwa uwezo wa mwili na akili wa kufanya kazi, na linataja vyanzo vyake: usingizi uliokosekana, saa nyingi za kukaa macho, saa ya mwili, na uzito wa kazi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ambayo sisi madaktari bado tunayanukuu. Walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza dereva kushika usukani. Lakini aliyekunywa hunuka pombe na wenzake watamzuia. Aliyekosa usingizi hana harufu, na ukimuuliza atakwambia yuko sawa, tena hatakuwa anakudanganya. Sehemu ya ubongo inayotakiwa kupima hali yake ndiyo hiyo hiyo iliyochoka.

Halafu kuna saa ya mwili. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa saa za mahali mwili ulipozoea, joto la mwili hushuka, macho huwa mazito, na maamuzi huchelewa hata kama mtu alilala vizuri mchana. Ghuba imetutangulia saa moja tu au haitutangulii kabisa, kwa hiyo mwanao akija Tanga si tofauti ya saa inayomlaza mchana. Ni zamu za usiku. Ndege nyingi za kule huondoka usiku wa manane na kutua alfajiri, na mwili uliofanya kazi hivyo mwezi mzima hauwezi kugeuka kwa siku moja kwa sababu umefika kwenu. Kama alikuwa kwenye safari za Amerika au Asia ya mbali, mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Huko kuzunguka sebuleni usiku ni mwili wake unadhani bado ni zamu ya kazi.

Uliuliza kama haya ni maneno ya mitandaoni. Hapana, mama. Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua Guantanamo Bay, Cuba. Wote watatu waliokuwamo waliumia vibaya lakini walinusurika, na kwa hiyo waliweza kuhojiwa. Kapteni alikuwa amekaa macho kwa zaidi ya saa 23. Kwenye kinasa sauti anasikika akiuliza na kuuliza tena iko wapi taa ya kumulika inayoonyesha mpaka wa eneo la Cuba. Siku hiyo taa hiyo ilikuwa haiwaki. Wenzake wanamwambia mwendo unapungua, yeye bado anatafuta taa. Ndege ikalala upande, ikakosa nguvu ya kuelea, ikaanguka kabla ya kuufikia uwanja. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ikataja uchovu kuwa chanzo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bodi hiyo kufanya hivyo katika ajali kubwa ya ndege. Hapo hakuna aliyelala. Akili iliyochoka iling'ang'ania kitu kimoja, mengine yote yakapita masikioni bila kuingia.

Tukio ninalolitumia zaidi ninapozungumza na marubani vijana halikuua mtu, na ndiyo maana nalipenda, kwa kuwa linaonyesha jinsi watu wazuri wanavyofika ukingoni. Tarehe 7 Julai 2017, karibu na saa sita usiku, Airbus A320 ya Air Canada kutoka Toronto, yenye watu 140, ilikuwa inakaribia San Francisco. Pale kuna njia mbili za kurukia zinazolala sambamba. Ile ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ujenzi na taa zake zimezimwa, na habari hiyo ilikuwamo kwenye karatasi walizopewa marubani. Wakaisoma, ikawatoka. Macho yao yalizoea kuona njia mbili, kwa hiyo yakaziona mbili: njia ya kulia iliyokuwa inawaka taa wakaidhania ya kushoto, na barabara ya pembeni ambayo ndege hutambaa kwenda kupaa wakaidhania ndiyo njia yao ya kulia.

Kwenye barabara hiyo zilikuwa zimepanga foleni ndege nne zenye abiria na mafuta ya safari ndefu. Marubani waliona taa zake, na kitu kikawagutusha. Wakamuuliza mwongozaji wa ndege: tunaona taa kwenye njia, je, iko wazi? Mwongozaji akatazama njia halisi, akajibu kwa haki kabisa kwamba hakuna mtu ila wao. Wakaendelea kushuka. Rubani mmoja aliyekuwa kwenye foleni chini ndiye aliyeona taa zinakuja moja kwa moja usoni kwake, akapaza sauti kwenye redio kwamba huyu yuko kwenye barabara ya pembeni. Rubani mwingine wa pale chini akawasha taa zake kubwa. A320 ikapandisha pua na kuondoka, baada ya kushuka mpaka futi 60 hivi kutoka ardhini. Mikia ya ndege za aina iliyokuwa pale hupita futi 50 kwenda juu. Piga hesabu mwenyewe.

Kapteni alikuwa amekaa macho kwa zaidi ya saa 19. Alikuwa wa akiba siku hiyo, yaani anakaa nyumbani akisubiri kuitwa, na aliamka asubuhi kama watu wengine wote, asijue kwamba kazi itakuja jioni. Kwa saa za Toronto, mwili wake ulikuwa saa tisa usiku. NTSB ilisema uchovu wa marubani ulichangia. Ikaonyesha pia kwamba sheria za Canada za wakati ule zilimruhusu kuruka, ila kama angekuwa rubani wa Marekani, sheria za huko zisingemruhusu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndani ya sheria kabisa na akawa hafai kuruka.

Sheria hizo ni muhimu hata hivyo, na mwanao anazijua kwa moyo. Ulaya, marubani wawili wa ndege kwa kawaida hawatakiwi kupita saa 13 za kazi kwa siku, na zamu ya usiku hupunguziwa. Saa za kuruka haziruhusiwi kupita 100 katika siku 28. Marekani walibadilisha sheria baada ya ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo iliyoua watu 50. Kapteni wa ndege ile alikuwa amelala kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi uwanjani, na rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini. Familia za marehemu zilibisha hodi bungeni bila kuchoka. Tangu Januari 2014 rubani wa abiria huko lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Ndege za mizigo ziliachwa nje ya sheria hiyo. Mpaka leo sielewi kwa hoja gani, kwani usingizi haujui kama nyuma kuna watu au maboksi.

Na hapo ndipo zamu yenu ya nyumbani inapoingia. Agosti 2013 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka alfajiri ikikaribia Birmingham, Alabama, na marubani wote wawili wakafa. Kwenye kinasa sauti walikuwa wamezungumza kuhusu sheria hiyo mpya na jinsi wao wa mizigo walivyoachwa. Wachunguzi walipoufuatilia muda wa rubani msaidizi kabla ya safari waligundua kwamba ratiba ilimpa nafasi ya kulala, ila hakuitumia yote kwa kulala. Silitaji hili kumlaumu marehemu. Nalitaja kwa sababu kampuni inaweza kutoa saa, serikali inaweza kuziandika, lakini kuzigeuza kuwa usingizi ni kazi ya mtu mwenyewe na ya nyumba anayoishi.

Januari 2024 huko Indonesia, ndege ya Batik Air iliyokuwa inatoka Kendari kwenda Jakarta na abiria 153 iliruka dakika 28 marubani wote wawili wamelala. Kapteni alikuwa amepumzika kwa kupatana na mwenzake, kama anavyofanya mwanao. Mwenzake aliyebaki na ndege ndiye aliyepitiwa. Nyumbani alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja na alikuwa anamsaidia mkewe kuwalea. Kapteni alipozinduka akaona ndege imetoka kidogo kwenye njia yake, akamwamsha mwenzake, wakatua salama. Mimi nikisoma ripoti ile simwoni rubani mbaya. Namwona baba mwema ambaye hakuna aliyemwambia, kazini wala nyumbani, kwamba juma lile asiruke.

Sasa unachoweza kufanya wewe. La kwanza, mwache alale, na uwaambie ndugu zake waache kumwita mvivu. Anayeitwa mvivu huamka kwa aibu na kukaa na wageni macho mekundu. Mpe chumba cha nyuma, mbali na barabara na kuku, pazia zito, feni na chandarua. Joto la Tanga linakata usingizi wa mchana kuliko kelele. Wageni wa kumwona waje jioni. Kama ni Ramadhani, aamke daku kisha arudi kulala, asiunganishe mpaka asubuhi. Siku mbili za mwisho kabla hajaondoka ndizo za kulinda kwa nguvu zako zote. Usimpeleke kwenye harusi ya kukesha halafu kesho yake apande ndege ya kwenda kazini. Usingizi uliokosekana haufutwi na kahawa. Kahawa humsukuma mtu mbele saa chache, na akiinywa jioni itamnyima usiku wake.

Akiwa na mafua, usimpe dawa yoyote ya dukani bila yeye kusoma maelezo yake. Dawa nyingi za mafua na mzio hulevya kwa usingizi, na baadhi hubaki mwilini mpaka siku inayofuata. Ampigie daktari wa shirika lake.

Jambo lingine nataka ulisikilize usiku akilala: je, anakoroma kwa nguvu, kisha anakuwa kimya kana kwamba pumzi imekatika, kisha anashtuka kama anayezama? Huo ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, na mwenye nao anaweza kulala saa 9 na kuamka amechoka. Februari 2008 huko Hawaii ndege ndogo ya abiria ilipitiliza uwanja wa Hilo kwa maili 26 za baharini kwa sababu marubani wote walikuwa wamelala, tena safari yenyewe ilikuwa fupi na ya asubuhi. Kapteni alipopimwa baadaye alikutwa na ugonjwa huo na alikuwa hajui. Una tiba, na rubani anayetibiwa vizuri anarudi kuruka. Vijana wanaficha wakidhani leseni itakwenda. Wewe mama unaweza kumwambia kwamba anayekwenda mwenyewe kupimwa ana nafasi kubwa ya kubaki kazini kuliko anayegundulika baada ya tukio.

Kuna pia swali moja nataka umuulize kwa utulivu, mkiwa wawili: akijisikia hafai kuruka, anaweza kupiga simu kazini na kusema hivyo? Nini humpata anayesema? Shirika linalojali lina njia ya kuripoti uchovu bila mtu kukatwa mshahara wala kuandikiwa barua. Kama jibu lake ni kwamba wanaosema huitwa ofisini na kutishwa, basi tatizo si mwanao, na hapo ndipo mimi ningeanza kuwa na wasiwasi. Akikwambia kwamba mwezi huu amekataa safari moja kwa sababu hakulala, usimwambie atafukuzwa, usimkumbushe karo za wadogo zake. Mwambie amefanya vizuri. Marubani wengi niliowapima wanaruka wakiwa wamechoka kwa sababu ya jicho la nyumbani kuliko jicho la bosi.

Umesema kapteni humruhusu alale, hukusema kama na yeye humruhusu kapteni. Muulize. Na muulize wanasubiri muda gani baada ya kuamka kabla ya kushika ndege, kwa sababu mawenge ya usingizi yana hatari yake. Januari 2011, juu ya Atlantiki, rubani msaidizi wa ndege ya kutoka Toronto kwenda Zurich alilala dakika 75 badala ya 40. Alipozinduliwa kulikuwa na ndege nyingine inakuja upande wa pili ikiwa chini yao futi 1,000, jambo la kawaida kabisa. Yeye kwanza akaiona sayari ya Zuhura, akaidhani ndiyo ndege. Kisha alipoiona ndege yenyewe akaamini inawajia usoni, akasukuma usukani mbele. Watu 16 wakaumia, wengi wao hawakufunga mikanda. Mangalore, India, mwaka 2010, ndege kutoka Dubai ilipitiliza njia ya kurukia na watu 158 wakafa. Kapteni alisikika akikoroma kwa sehemu kubwa ya safari, na uchunguzi ulisema mawenge hayo yalichangia maamuzi yake wakati wa kutua. Rubani msaidizi alimwomba mara tatu aache kutua. Mwanao ni rubani msaidizi. Mwambie kwamba akishamwomba kapteni na hakusikilizwa, ana haki na wajibu wa kushika ndege mwenyewe.

Mwisho ni barabara. Vijana hawa wakitua Dar es Salaam alfajiri baada ya zamu ya usiku hutaka kuchukua gari mara moja waje Tanga, kilomita zaidi ya 300, jua la asubuhi usoni na malori ya Chalinze mbele yao. Angani ana mwenzake, ana otopailoti, yaani mtambo unaoiongoza ndege, na ana king'ora. Garini hana hata kimoja. Apande basi na alale humo, au mmoja wa hao ndugu zake wanaomcheka amfuate amwendeshe.